Jinsi ya Kulinda Rangi ya Gari Isichubuliwe na Kokoto: Mwongozo kwa Anayeanza

Wenye magari wanaonijia huwa na maswali yaleyale. Gari limetoka bandarini likiwa linang'aa, limeenda Mbeya na kurudi Dar es Salaam mara mbili tatu nyuma ya malori, na sasa mwenyewe akiinama mbele ya boneti anaona michubuko midogo iliyotapakaa kana kwamba mtu amelirushia mchele. Je, nta itazuia? Je, keramiki, ile dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ikakauka na kuwa ngumu, ambayo kila mtu anaisifu, itasaidia? Je, ile plastiki angavu ya kulinda rangi inaweza kubandikwa nyumbani, au ni kazi ya fundi peke yake? Na michubuko iliyokwisha kutokea ifanyweje? Nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja na kwa utaratibu, ili mtu aweze kuufuata mwongozo huu akiwa na gari lake, ndoo yake na msaidizi mmoja. Tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanunua chochote, kwa sababu baadhi ya makosa hufanyika dukani na si kwenye gari.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Rangi yote iliyopakwa kiwandani, kuanzia praima inayoshika bati hadi ile vanishi angavu ya juu ambayo mafundi wetu huiita kilia, kwa kawaida haizidi maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani milimita moja haijai hata ukiipanga mara sita. Pigo la jiwe nalo hukua kuliko mwendo unavyokua: ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, kokoto ileile hupiga kwa nguvu mara nne. Kwa hiyo kinga ya kweli ina njia mbili tu. Ya kwanza ni kupunguza mwendo na kukaa mbali na anayerusha mawe. Ya pili ni kuongeza unene laini juu ya rangi. Bidhaa isiyofanya moja kati ya hayo haizuii kokoto, hata ikiuzwa kwa bei gani.

Hapo ndipo swali la nta na keramiki linapopata jibu. Nta haifiki hata maikroni moja kamili, na keramiki nzuri ni maikroni chache. Zote mbili hurahisisha kuosha, na keramiki husaidia dhidi ya kinyesi cha ndege na utomvu wa miti, lakini jiwe huzipita kana kwamba hazipo. Inanisikitisha kuona mtu ametoa fedha nyingi kwa keramiki akiwa ameambiwa kuwa ni kinga ya mawe. Filamu ya kulinda rangi, ambayo mafundi huiita PPF, kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 150 hadi 200, na imetengenezwa kwa poliyurethani inayonyooka na kurudi, ndiyo maana humeza pigo badala ya kulipitisha. Asili yake ni jeshi la Marekani, lililoitumia katika vita vya Vietnam kukinga mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na mawe.

Wapi mawe hupiga

Usifikirie gari zima. Angalia magari yaliyozoea njia ndefu na utaona kwamba vidonda hurudi mahali palepale: ukingo wa mbele wa boneti, bampa ya mbele, migongo ya vioo vya pembeni, nguzo mbili za kioo cha mbele pamoja na ukingo wa paa juu yake, na sehemu za chini za milango na za madigadi zilizo nyuma ya matairi. Hizi za mwisho hazipigwi na lori la mbele. Hupigwa na matairi yako mwenyewe.

Bampa ndiyo inayopigwa zaidi, lakini ni ya plastiki na haishiki kutu. Boneti, paa na sehemu za chini za milango kwa magari mengi ni bati, na mchubuko uliofika kwenye bati ni mlango wa kutu. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako upepo wa bahari una chumvi, mlango huo haukawii kufunguka. Ndiyo maana, kama fedha hazitoshi, ninashauri boneti na sehemu za chini zitangulie na bampa isubiri, ingawa macho ya mwenye gari huumizwa zaidi na bampa.

Yanayotangulia filamu

Kwanza, mwendo na umbali. Ukiwa nyuma ya lori kwenye lami mbovu, au kwenye barabara iliyomwagiwa kokoto mpya juu ya lami ambazo bado hazijashika, shuka hadi kilomita 40 kwa saa au chini ya hapo, na ukae mbali kiasi kwamba kokoto unayoiona ikiruka inatua kabla hujaifikia. Kwenye changarawe, kama ile ya kutoka lango la Lodoare kupitia Ngorongoro kuelekea Naabi, kaa nyuma ya vumbi la gari la mbele na si ndani yake, kwa sababu palipo na vumbi zito ndipo mawe yanapoanguka. Unapopishana na gari kubwa, punguza mwendo mapema: wewe ukiwa na 80 na yeye ana 80, jiwe lililorushwa na tairi lake hukukuta kana kwamba uko 160.

Pili, mipira ya matope nyuma ya matairi yote manne. Kati ya vitu vyote ninavyovitaja humu, huu ndio wa bei ndogo zaidi unaoleta faida kubwa zaidi, na magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja bila mipira hiyo kwa kuwa kule hutembea kwenye lami safi. Upana wa mpira uwe sawa na upana wa tairi au uzidi kidogo, na uachwe takriban sentimita 10 kutoka ardhini. Tundu lolote utakalotoboa kwenye bati ulipake praima na rangi kabla ya kufunga skrubu, la sivyo utakuwa umezuia kutu mahali pamoja na kuianzisha pengine. Kama umeweka matairi mapana yanayochomoza nje ya madigadi, ujue kwamba umejifungia mtambo wa kurushia mawe milango yako.

Tatu, achana na vazi la ngozi linalofungwa kwenye pua ya gari. Mchanga huingia chini yake, upepo hulitikisa, na baada ya miezi michache rangi iliyokuwa chini yake huwa imesuguliwa kwa msasa wa polepole. Likilowa na kuachwa, hufuga unyevu.

Vitu vya kuandaa

Filamu ya poliyurethani, kipande kimoja kwa kila sehemu unayotaka kuikinga, kikiwa na ziada ya sentimita 5 kila upande. Wauzaji wa tinti na stika huikata kwa mita. Muulize muuzaji akupe kipande kidogo cha kujaribu: kivute, na kama ni poliyurethani kitanyooka kisha kitarudi taratibu, kama ni PVC, yaani plastiki ya vinili, kitakuwa kigumu na mara nyingi huweka weupe kinapovutwa. PVC ni rahisi kwa bei, lakini jua letu huifanya iwe ya njano na ikauke, na siku ya kuibandua hutoka vipandevipande ikiacha gundi nyuma.

Chupa mbili za kupulizia zenye ukungu mwembamba. Ya kwanza ni ya kuteleza: lita 1 ya maji yenye matone kama 8 ya shampuu ya watoto isiyo na losheni. Ya pili ni ya kushikisha: sehemu 1 ya alkoholi ya isopropili kwa sehemu 3 za maji. Ziandike majina kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu ukizichanganya katikati ya kazi utaharibu kipande kizima.

Maji yawe ya chupa au ya kuchujwa. Hili watu hulipuuza. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani yana chumvi, na chumvi hiyo ikikauka chini ya filamu huacha madoa ambayo hutayafikia tena.

Kikamulio cha maji chenye ukingo laini wa mpira, kile wanachotumia mafundi wa tinti. Kadi ya benki ngumu haifai, itachora filamu.

Vitambaa vya maikrofaiba vilivyo safi, angalau 4. Vitambaa vya kufutia vumbi la ndani visitumike.

Udongo maalumu wa kusafishia rangi, shampuu ya gari, na chupa nyingine ya alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kwa ajili ya kuondoa mafuta na nta.

Draya ya nywele, karatasi kubwa za kukatia kiolezo, tepu ya karatasi, mkasi na wembe mpya.

Kwa michubuko iliyopo: rangi ya gari lako kwenye kichupa kidogo, praima, kilia, vijiti vya meno na msasa laini namba 2000. Namba ya rangi husomwa kwenye kibao cha utambulisho wa gari. Kwa Toyota nyingi kiko kwenye ukuta wa injini chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwenye mstari wenye C/TR au neno linalotaja rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Mpelekee mchanganya rangi namba hiyo. Usimwambie tu kwamba gari ni jeupe, maana weupe wa magari ni mwingi.

Hatua za kazi

1. Chunguza kama sehemu unayotaka kuikinga imewahi kupakwa rangi upya. Tazama chini ya mipira ya milango na kwenye boliti za boneti: mabaki ya rangi, mstari wa tepu au boliti iliyokwanguliwa ni dalili. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwa joto kubwa na hushika vizuri. Rangi ya gereji huenda ikabanduka pamoja na filamu siku utakapoitoa. Na ikiwa sehemu imepakwa karibuni, subiri angalau siku 30, kwa sababu thina huendelea kutoka kwenye rangi hata baada ya kuonekana kavu, na ukiifunika mapema itafanya malengelenge.

2. Osha gari lote, si boneti pekee. Vumbi lililoko kwenye sho (grili) ya mbele na kwenye mianya ya taa hushuka na maji na kuingia chini ya filamu wakati umeshaanza. Puliza maji ndani ya mianya, kisha uiache idondoke mpaka imalize.

3. Ziba michubuko iliyopo. Safisha kila mmoja kwa alkoholi. Kama kuna kutu, ikwangue kwa ncha ya wembe mpaka uone bati linalong'aa, bila kupanua kidonda. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye praima na uguse bati peke yake. Subiri ikauke, kisha weka rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, ukisubiri kati ya moja na nyingine, na umalizie kwa tone la kilia. Brashi iliyomo kwenye kifuniko cha kichupa haifai kwa kazi hii, ni kubwa mno na hujaza rangi pembeni mwa kidonda. Tone likibaki juu kidogo, uliguse kwa msasa namba 2000 uliolowa, kwa ncha ya kidole na kwa upole. Lakini anayeanza ninamsihi aliache tu, kwa kuwa kilia iliyokwanguka pembeni haiponi. Baada ya hapo subiri wiki moja au zaidi kabla ya kubandika.

4. Siku ya kubandika, chagua saa na mahali. Fanya kazi asubuhi na mapema au jioni, kivulini, bati likiwa baridi kiasi cha kuweza kuliwekea kiganja bila kuhisi joto. Jua hukausha maji ya kuteleza kabla hujapanga filamu, na gundi hushika mahali usipotaka. Mwaga maji sakafuni kuzunguka gari ili vumbi litulie, funga milango ya banda ikiwezekana, zima feni, na usivae sweta au fulana inayotoa nyuzi.

5. Pitisha udongo wa kusafishia kwenye sehemu utakayobandika, ukipuliza maji ya sabuni kila mara. Kiganja kinapoteleza juu ya rangi kama juu ya kioo, inatosha. Hatua hii ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi chafu, kwa sababu chembe ya lami au ya chuma isiyoonekana kwa macho itaonekana kama kipele mara filamu itakapoifunika, na hakuna njia ya kuitoa bila kubandua.

6. Futa kwa alkoholi ya nusu kwa nusu mara mbili, kwa vitambaa viwili tofauti, ukifika mpaka kwenye kingo na kwenye mkunjo wa chini wa boneti. Nta iliyobaki ukingoni ndiyo sababu ya filamu kuinuka baada ya mwezi.

7. Tengeneza kiolezo. Tandaza karatasi juu ya sehemu husika, ifunge kwa tepu ya karatasi, na uchore ukingo wake. Kwa boneti ninapendekeza ukanda wa sentimita 35 hadi 45 kutoka ukingo wa mbele. Boneti nzima ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Kama boneti ina mstari wa mkunjo unaopita upande hadi upande, malizia ukanda hapo, nao mpaka wake utafichika. Kata filamu mezani kwa kufuata kiolezo, ukiacha pengo la milimita 2 hadi 3 kutoka ukingo wa bati. Kona zote zikate kwa mviringo. Sarafu ya shilingi 200 ni kipimo kizuri. Kona kali huinuka kwa sababu kitambaa cha kuoshea huikamata.

8. Onyo: usikatie filamu juu ya gari. Nimewahi kuona mtu mwenye mkono mzuri, mwenye uzoefu wa miaka mingi wa tinti, akiacha mstari wa wembe kwenye kilia ya boneti ya gari jipya. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na baada ya mvua za masika ukawa mstari wa kutu. Vioo huvumilia wembe. Rangi haivumilii.

9. Lowesha kwa wingi: bati, mikono yako na ya msaidizi, na kisha upande wa gundi kadiri mnavyobandua karatasi ya nyuma. Mmoja ashike filamu kwa kona mbili, mwingine abandue na kupuliza. Gundi isiyolowa ikigusana yenyewe, au ikiguswa na kidole kikavu, alama haitoki. Hapa hakuna kubana maji. Yakimwagika sakafuni ni dalili njema.

10. Laza filamu juu ya bati lililolowa na uisogeze mpaka ikae mahali pake. Ikiwa maji yanatosha itateleza kama karatasi juu ya bwawa. Tazama pengo la ukingo upande wa kushoto, wa kulia na katikati kabla hujagusa kikamulio.

11. Puliza maji ya kuteleza juu ya filamu pia, kisha kamua kuanzia katikati. Mkanda wa kwanza uwe wa sentimita 10 katikati, kutoka juu kwenda chini, ili filamu itie nanga; baada ya hapo nenda kushoto, kisha kulia, kila mvuto ukipanda nusu ya uliotangulia. Shikilia kikamulio kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na ubonyeze kwa uthabiti uleule. Kosa la kawaida ni kukamua kingo kwanza: maji hufungiwa katikati na hayana pa kutokea.

12. Filamu ikifanya mikunjo kama vidole karibu na mviringo, usiibonyeze. Inua sehemu hiyo mpaka upite mkunjo, lowesha upya, ivute kidogo kuelekea nje, kisha kamua. Kama haikubali, ipashe joto kwa draya kutoka sentimita 20 mpaka iwe vuguvugu. Kuvuta kupita kiasi huacha mistari yenye rangi ya fedha kwenye gundi, na mistari hiyo haiondoki.

13. Kingo sasa zinahitaji chupa ya pili. Inua ukingo sentimita 1 au 2, puliza maji ya alkoholi, subiri sekunde chache, kamua kuelekea nje, kisha ukandamize kwa kidole kilichofungwa maikrofaiba. Alkoholi huondoa sabuni, nayo gundi hushika papo hapo, kwa hiyo hakikisha umeridhika na mahali filamu ilipo kabla hujaipuliza. Malizia kwa kupitisha draya kwenye kingo zote.

14. Chukua taa ya simu na uangalie kwa pembe. Ukiona chembe au unywele, huu ndio wakati: inua ukingo ulio karibu zaidi, suuza kwa maji ya kuteleza mpaka uchafu utoke, laza tena na ukamue. Kesho gundi itakuwa imeshakaa.

Kwa sehemu za chini za milango fuata hatua hizohizo. Ni tambarare na hazionekani sana, kwa hiyo anza nazo ili mkono uzoee, kisha upande kwenye boneti. Migongo ya vioo vya pembeni ni midogo lakini ina mviringo wa kila upande, nayo huwakatisha tamaa wengi. Ninashauri uwaachie mafundi wa PPF pamoja na bampa.

Wiki ya kwanza na baadaye

Usioshe gari kwa siku 7, na usiende safari ndefu kwa siku 2 za mwanzo. Filamu ikionekana na ukungu au vifuko vidogo vya maji, hilo ni la kawaida. Maji hupenya taratibu na kukauka kwa siku kadhaa, na wakati wa mvua nyingi huweza kuchukua wiki mbili au tatu. Usitoboe kwa sindano.

Ukipeleka gari kwa waoshaji, waeleze kabla hawajaanza. Mashine ya maji ya presha ikae angalau sentimita 50 kutoka kwenye filamu na isielekezwe ukingoni, kwa sababu maji ya kasi yanayoingia chini ya ukingo hung'oa kazi ya siku nzima kwa sekunde moja. Waambie pia wasitumie mafuta ya taa kung'arishia. Huchafua na kulainisha gundi. Mstari wa vumbi unaojikusanya kwenye mpaka wa filamu uufute kwa brashi laini yenye maji ya sabuni, ukielekea nje ya filamu.

Nta na keramiki sasa zina kazi: ukizipaka juu ya filamu, zitarahisisha kuiosha. Chagua zisizo na chembe za kusugulia.

Kama unakwenda safari moja tu ya changarawe na filamu bado haijapatikana, tepu ya karatasi iliyopangwa kwenye ukingo wa boneti kwa mistari inayopandana hupunguza michubuko midogo. Iondoe jioni ileile ufikapo. Tepu iliyokaa siku kadhaa juani huganda, na kazi ya kuitoa ni kubwa kuliko ya kuziba vidonda.

Matatizo yanayojitokeza

Kifuko kinachosogea ukikibonyeza. Hayo ni maji. Yaache, na kama bado yapo baada ya wiki tatu, yapashe joto kidogo kwa draya na uyasukume taratibu kuelekea ukingo ulio karibu.

Kifuko kilicho kikavu na kisichosogea. Hiyo ni hewa, iliyoingia kwa sababu maji hayakutosha. Kikiwa kidogo kuliko punje ya mtama hakidhuru. Kikiwa kikubwa, toboa upande mmoja kwa sindano nyembamba sana na uisukume hewa itoke hapo. Tundu litaonekana kwa mwenye kulitafuta tu.

Ukingo umeinuka. Usiubonyeze na uchafu wake. Usafishe kwa alkoholi chini na juu, uache ukauke, upashe joto, kisha uukandamize kwa dakika nzima. Ukirudia kuinuka, gundi ya hapo imekwisha: kata sehemu iliyoinuka kwa mkasi, kwa mviringo, ukiiinua mbali na rangi.

Filamu haikushika hata kidogo na inateleza kila unapokamua. Sabuni ilizidi. Inua, suuza pande zote mbili kwa maji matupu, na uanze upya na mchanganyiko mwepesi.

Mikwaruzo myembamba juu ya filamu. Filamu nyingi za poliyurethani zina tabaka la juu linalojirudi kwa joto. Egesha gari juani saa za mchana au mwagia maji ya moto yasiyochemka, na mikwaruzo ya kuoshea hufifia. Kama haififii kabisa, huenda umekata mpaka ndani au umeuziwa PVC.

Jiwe limetoboa filamu. Hutokea kwa mawe makubwa yenye ncha. Ipashe joto sehemu yote, angalia kama rangi ya chini imeguswa, na kama bati linaonekana usiache: maji yataingia kwenye tundu na kukaa humo. Bandua kipande hicho, ziba kidonda kwa hatua ya 3, kisha ubandike kipya.

Filamu imekuwa ya njano au imeanza kupasuka. Muda wake umekwisha. Nyingi nzuri hudumu kati ya miaka 5 na 10, na kuiacha zaidi ya hapo hufanya iwe vigumu kuitoa. Ifanye kazi hiyo gari likiwa limepata joto la jua la asubuhi, pasha ukingo kwa draya, kisha vuta polepole ukiirudisha filamu juu ya nafsi yake, karibu kabisa na bati, na si kuelekea kwako. Kila sentimita chache simama na utazame upande wa gundi. Ukiona rangi imefuata, acha hapo hapo, kata kilichotoka kwa mkasi, na umpelekee fundi wa rangi gari likiwa na filamu iliyobaki, kwa maana hapo ni rangi ya gereji isiyoshika, na kila sentimita utakayoendelea kuvuta itaongeza eneo la kupakwa upya. Gundi iliyobaki kwenye rangi nzima hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, yakiachwa kwa dakika mbili, kisha sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji ya sabuni na ifutwe kwa alkoholi kabla ya kubandika filamu nyingine.